Enviro400

Enviro400 ni basi la ghorofa lenye ekseli mbili na sakafu ya chini, linalotengenezwa na kampuni ya Alexander Dennis ya Uskoti. Lilizinduliwa mwaka 2005 likiwa na injini ya dizeli peke yake. Baadaye lilitolewa toleo la mseto, yaani basi lenye injini ya dizeli pamoja na mota ya umeme. Toleo hilo liliitwa Enviro400H na lilianza kutumika London kati ya miaka 2008 na 2009.

Kwa nje matoleo hayo mawili yanafanana sana. Abiria hupanda kwa mlango uleule, hupita ngazi ileile na kukaa kwenye viti vilevile. Tofauti iko katika namna nguvu inavyofika kwenye magurudumu, na katika kiasi cha mafuta kinachotumika basi linaposimama na kuondoka mara kwa mara mjini.

Enviro400 ni mojawapo ya mabasi ya ghorofa yanayoonekana kwa wingi katika miji ya Uingereza. Historia yake ni mfano mzuri wa jinsi usafiri wa mjini ulivyohama kutoka dizeli kwenda mseto, na kutoka mseto kwenda umeme, katika muda usiozidi miaka 15.

Chimbuko la kampuni

Alexander Dennis ina mizizi katika kampuni mbili za zamani. Ya kwanza ni Dennis ya mji wa Guildford, kusini mwa Uingereza, iliyoanzishwa na ndugu wawili, John na Raymond Dennis, mwishoni mwa karne ya 19. Walianza na baiskeli, kisha wakaingia katika magari, malori, magari ya zimamoto na mabasi. Ya pili ni Walter Alexander ya Falkirk, Uskoti, iliyoanza kuunda bodi za mabasi katika miaka ya 1920.

Kwa muda mrefu basi la Uingereza lilitengenezwa kwa hatua mbili. Kiwanda kimoja kilitengeneza chasisi, yaani fremu yenye injini, magurudumu, usukani na breki. Chasisi hiyo ilipelekwa kwenye kiwanda kingine, ambacho kiliweka bodi juu yake: kuta, madirisha, ngazi na viti. Ndiyo sababu basi moja lingeweza kuwa na majina mawili, la chasisi na la bodi.

Mwaka 2001 Dennis, Alexander na kampuni ya Plaxton ya Scarborough ziliunganishwa kuwa TransBus International. Muungano huo haukudumu. Mwaka 2004 TransBus ilishindwa kujiendesha na kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Viwanda vya Falkirk na Guildford vilinunuliwa na kundi la wawekezaji wa Uskoti, miongoni mwao Brian Souter na Ann Gloag, waanzilishi wa kampuni ya mabasi ya Stagecoach. Hapo ndipo jina Alexander Dennis lilipoanza. Plaxton ilichukua njia yake, lakini ilinunuliwa na Alexander Dennis mwaka 2007.

Kampuni hiyo mpya ilihitaji kuthibitisha haraka kwamba bado ina uwezo wa kubuni mabasi. Basi la kwanza kubwa iliyolitoa kwa soko la ndani ni Enviro400.

Kuzinduliwa mwaka 2005

Kabla ya Enviro400, basi kuu la ghorofa la viwanda hivyo lilikuwa Dennis Trident 2 lenye bodi ya Alexander ALX400. Hilo lilikuwa miongoni mwa mabasi ya kwanza ya ghorofa yenye sakafu ya chini. Sakafu ya chini maana yake ni kwamba hakuna vidato mlangoni. Mzee, mama mwenye mtoto katika kigari, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuingia moja kwa moja kutoka kwenye ukingo wa barabara. Sheria za Uingereza zilizotungwa mwaka 2000 zililazimisha mabasi mapya kuwafaa watu wenye ulemavu, na mabasi yote ya ghorofa ya njia za kawaida yalitakiwa kutimiza sharti hilo kufikia mwanzo wa mwaka 2017.

Enviro400 liliendeleza chasisi ya Trident, lakini safari hii chasisi na bodi vilibuniwa kwa pamoja kama kitu kimoja. Jina lake lililingana na mabasi mengine ya familia ya Enviro: namba 200 na 300 zilipewa mabasi yasiyo na ghorofa, na namba 500 ilipewa basi kubwa la ghorofa lenye ekseli tatu, linalojulikana sana Hong Kong.

Mwaka huohuo wa 2005, tarehe 9 Desemba, mabasi ya zamani ya Routemaster yaliondolewa katika njia za kawaida za London baada ya kutumika kwa takriban nusu karne. Routemaster lilikuwa na jukwaa la wazi nyuma na konda ndani, lakini mtu mwenye kiti cha magurudumu hakuweza kulipanda. Mabasi ya sakafu ya chini ndiyo yaliyochukua nafasi yake.

Spirit of London

Moja ya mabasi ya kwanza kabisa ya aina hii lilipewa jina Spirit of London, yaani Roho ya London. Tarehe 7 Julai 2005 magaidi walilipua treni tatu za chini ya ardhi na basi moja la ghorofa katika jiji hilo. Basi hilo lilikuwa Trident lenye bodi ya ALX400, likitoa huduma katika njia namba 30. Siku hiyo lilikuwa limebadilishiwa njia kwa sababu barabara kadhaa zilifungwa, na lililipuliwa katika eneo la Tavistock Square. Abiria 13 waliuawa ndani yake. Kwa jumla mashambulizi ya siku hiyo yaliua watu 52.

Kampuni ya Stagecoach ilinunua Enviro400 mpya ili kuziba pengo la basi lililolipuliwa. Mwaka 2012 basi hilo jipya nalo lilichomwa moto kwa makusudi na kuharibika vibaya. Badala ya kuuzwa kama chuma chakavu, lilikarabatiwa na kurudi barabarani mwaka uliofuata.

Muundo

Enviro400 lina urefu wa takriban mita 10 hadi 11, kutegemea mahitaji ya mnunuzi, na kimo cha zaidi ya mita 4. Mabasi ya London huwa na milango miwili: wa mbele wa kuingilia na wa katikati wa kutokea. Katika miji mingine mengi huwa na mlango mmoja tu, na hivyo hupata nafasi ya viti zaidi. Kwa kawaida viti huwa zaidi ya 60 katika basi la London, na hufikia 70 au zaidi katika basi la mlango mmoja.

Injini iko nyuma. Mpango huo ndio unaowezesha sakafu ya mbele na ya katikati kuwa chini. Lakini pia una gharama yake. Nafasi ya nyuma ni finyu, na kila kifaa kipya kinachoongezwa, kama betri au mtambo wa kusafisha moshi, lazima kitafutiwe mahali bila kupunguza viti mno. Uzito nao una mipaka. Sheria huweka kikomo cha uzito wa jumla wa basi la ekseli mbili, kwa hiyo kila kilo ya mtambo inayoongezwa ni kilo inayopungua katika uzito wa abiria wanaoruhusiwa kubebwa.

Toleo la dizeli

Toleo la dizeli hutumia injini ya Cummins yenye silinda sita. Kwa miaka mingi ilikuwa ile ya ujazo wa lita 6.7. Nguvu ya injini hupita katika gia otomatiki, zinazotengenezwa na kampuni za Kijerumani za Voith au ZF, kisha hufika kwenye ekseli ya nyuma. Dereva hana klachi wala gia za kubadilisha kwa mkono. Bodi ya Enviro400 iliwekwa pia juu ya chasisi za Volvo na Scania kwa wateja waliozipendelea.

Mabadiliko makubwa ya toleo la dizeli yalisababishwa na viwango vya Ulaya vya moshi wa magari makubwa, vinavyojulikana kama Euro. Viwango hivyo hupima gramu za uchafu zinazotolewa kwa kila kilowati-saa ya kazi inayofanywa na injini. Kikomo cha oksidi za nitrojeni kilishuka hivi:

- Euro 3 (miaka ya mwanzo ya 2000): gramu 5.0
- Euro 4 (katikati ya muongo huo): gramu 3.5
- Euro 5 (mwishoni mwa muongo huo): gramu 2.0
- Euro 6 (kuanzia 2013 na 2014): gramu 0.4

Kikomo cha masizi nacho kilishuka, kutoka gramu 0.10 katika Euro 3 hadi gramu 0.01 katika Euro 6. Ili kufikia viwango hivyo, watengenezaji waliongeza vichujio vya masizi kwenye bomba la moshi. Waliongeza pia mtambo unaonyunyizia maji yenye urea ndani ya moshi. Urea hutoa amonia, na amonia hugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Kwa hiyo Enviro400 la dizeli la mwaka 2015 na lile la mwaka 2005, ingawa yana jina moja, yanatofautiana sana katika moshi unaotoka.

Toleo la mseto

Basi la mjini hufanya kazi moja mara nyingi sana: huongeza mwendo, kisha husimama. Hesabu ndogo inaonyesha kile kinachopotea.

Chukua basi lenye uzito wa tani 15 linalokwenda kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, yaani takriban mita 11.1 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, na jibu ni karibu kilojuli 920. Dereva anapokanyaga breki za kawaida, nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto kwenye breki na kupotea hewani. Lita moja ya dizeli ina takriban kilojuli 36,000, lakini injini hugeuza theluthi moja hivi tu kuwa kazi, yaani kilojuli 12,000. Kwa hiyo kila basi linaposimama kutoka kasi hiyo, hupotea kazi inayolingana na mililita 75 hivi za dizeli. Likisimama mara 20, imepotea lita moja na nusu.

Basi la mseto limebuniwa ili kuokoa sehemu ya nishati hiyo. Dereva anapopunguza mwendo, mota ya umeme hubadilisha kazi yake na kuwa jenereta. Magurudumu huizungusha, nayo huzalisha umeme unaohifadhiwa katika betri. Upinzani wa jenereta ndio unaosaidia kulipunguza basi mwendo. Basi linapoondoka tena, umeme huohuo hurudishwa kwenye mota. Si nishati yote inayorudi, kwa kuwa kila hatua ina upotevu wake. Faida ya ziada ni kwamba pedi za breki hudumu zaidi.

Enviro400H lilitumia mtambo wa kampuni ya BAE Systems uitwao HybriDrive, ambao tayari ulikuwa umetumika katika mabasi ya New York. Betri zake ni za lithiamu. Injini yake ni ndogo kuliko ya toleo la dizeli: ina silinda nne na ujazo wa lita 4.5. Injini ndogo inatosha kwa sababu haihitaji kutoa nguvu ya juu kabisa wakati wa kuondoka. Wakati huo betri huisaidia.

Mfululizo na sambamba

Wanafunzi wa fizikia wanajua sakiti za mfululizo na sakiti sambamba. Maneno hayohayo hutumika kutofautisha aina mbili za mseto.

Katika mseto wa mfululizo, injini ya dizeli haiunganishwi na magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta. Umeme wa jenereta na wa betri huenda kwenye mota, na mota peke yake ndiyo inayoendesha basi. Hakuna gia za kawaida, na abiria huhisi mwendo ukiongezeka bila mishtuko. Enviro400H ni la aina hii. Basi la New Routemaster, lililotengenezwa na Wrightbus ya Ballymena, Eire ya Kaskazini, na kuanza kazi London mwaka 2012, nalo ni la aina hii.

Katika mseto sambamba, injini na mota zote zinaweza kuyasukuma magurudumu, moja moja au kwa pamoja. Basi huondoka kwa umeme, kisha injini huingia kasi inapoongezeka. Chasisi ya Volvo B5LH, mshindani mkubwa wa Enviro400H, ni ya aina hii.

Kila aina ina mahali pake. Mseto wa mfululizo hufaa zaidi penye vituo vingi na mwendo mdogo. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka, mseto sambamba una nafuu, kwa sababu injini huendesha magurudumu moja kwa moja bila nishati kugeuzwa umeme kwanza na kurudishwa kuwa mwendo.

Gharama na ruzuku

Watengenezaji walisema mabasi ya mseto yangepunguza matumizi ya mafuta kwa takriban asilimia 30. Tatizo lilikuwa bei. Mwanzoni basi la ghorofa la mseto liligharimu karibu pauni 100,000 zaidi ya lile la dizeli. Kampuni nyingi za mabasi Uingereza ni za binafsi, na nje ya London hutegemea zaidi nauli. Kwa hesabu ya biashara peke yake, mafuta yaliyookolewa yalichukua miaka mingi kurudisha tofauti hiyo.

Serikali iliingilia kati. Mwaka 2009 ilianzisha mfuko wa ruzuku ulioitwa Green Bus Fund, uliosaidia kulipa tofauti ya bei kati ya basi la kawaida na basi lenye kaboni kidogo. Ili kukubaliwa, basi lilitakiwa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa angalau asilimia 30 likilinganishwa na basi la dizeli la Euro 3 la ukubwa uleule. Uskoti nayo ilianzisha mfuko wake. Kwa msaada huo Enviro400H lilitoka nje ya London, na mwaka 2010 lilifika katika miji kama Oxford na Manchester.

London mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko kampuni za mabasi hufanya kazi kwa zabuni chini ya mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London. Mamlaka hiyo huamua njia, nauli, na hata aina ya basi linalokubalika. Ilipotaka mseto, waombaji zabuni waliingiza gharama hiyo katika bei zao. Ndiyo sababu mabasi ya mseto yalienea London haraka kuliko mahali pengine nchini.

Aina mbili za uchafuzi

Mara nyingi basi la mseto huitwa basi safi. Neno hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu bomba la moshi hutoa uchafu wa aina mbili tofauti.

Aina ya kwanza ni kaboni dioksidi. Gesi hii haimdhuru mpita njia papo hapo, lakini huongeza joto la dunia. Kiasi chake hulingana na mafuta yaliyochomwa. Basi likipunguza mafuta kwa asilimia 30, limepunguza kaboni dioksidi kwa asilimia 30. Hapa mseto una faida ya moja kwa moja.

Aina ya pili ni oksidi za nitrojeni na masizi. Hizi huwadhuru watu wanaoishi, kusoma na kutembea kando ya barabara, hasa watoto na wenye pumu. Mwaka 2020 mchunguzi wa vifo jijini London aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha msichana wa miaka tisa aliyekuwa na pumu kali na kuishi karibu na barabara yenye magari mengi. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa aina hiyo nchini Uingereza.

Uchafu wa aina hii hautegemei wingi wa mafuta peke yake. Hutegemea zaidi mtambo wa kusafisha moshi. Basi jipya la dizeli la Euro 6 linaweza kutoa oksidi za nitrojeni chache kuliko basi la mseto la Euro 5. Isitoshe, mtambo wa urea hufanya kazi vizuri moshi ukiwa na joto la kutosha. Injini ya basi la mseto, inayopumzika mara kwa mara, inaweza kutoa moshi wenye joto dogo, na wahandisi walilazimika kulizingatia jambo hilo.

Ndiyo maana London ilitumia njia zote mbili. Zaidi ya mabasi 1,000 ya zamani ya Euro 3 yalifungiwa mitambo mipya ya kusafisha moshi, huku mabasi ya mseto yakiendelea kununuliwa. Eneo la moshi mdogo sana lilipoanza katikati ya London tarehe 8 Aprili 2019, mabasi yalitakiwa kufikia kiwango cha Euro 6.

Matoleo ya baadaye

Mwaka 2014 Alexander Dennis ilitoa Enviro400 lililobuniwa upya, lililoitwa MMC, herufi zinazomaanisha badiliko kubwa la modeli. Lilikuwa jepesi zaidi, na lilipatikana kwa dizeli na kwa mseto katika kiwango cha Euro 6. Mwaka 2015 likafuata Enviro400 City, lenye sura tofauti na kioo kando ya ngazi kinachoruhusu mwanga wa nje kuingia.

Mafuta mengine nayo yalijaribiwa. Mwaka 2017 mji wa Nottingham ulianza kutumia mabasi ya Enviro400 City yaliyojengwa juu ya chasisi za Scania na kuendeshwa kwa gesi inayotokana na taka za viumbe hai. London kulijaribiwa pia mabasi ya mseto yanayochajiwa bila waya yakiwa yamesimama mwisho wa njia.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa Enviro400EV, basi la umeme mtupu lililotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya BYD ya China. Lilianza kubeba abiria London mwaka 2019. Toleo la hidrojeni nalo lilifuata na kutumika katika eneo la Liverpool. Tangu mwaka 2021 mabasi mapya yanayoagizwa kwa ajili ya London hutakiwa yasiwe na moshi kabisa. Kwa hiyo mseto, uliopewa ruzuku kama teknolojia ya kisasa mwaka 2009, haukukubaliwa tena katika zabuni mpya za jiji hilo miaka 12 baadaye.

Kampuni yenyewe ilinunuliwa na NFI Group ya Kanada mwaka 2019. Mwaka 2025 ilitangaza mpango wa kukusanya kazi zake Scarborough, mpango uliotishia ajira za watu wapatao 400 huko Falkirk na Larbert, kabla ya serikali ya Uskoti kuingilia kati kwa msaada wa fedha.

Mahali mseto unapofaa

Faida ya basi la mseto hutegemea sana njia linayopita. Katika njia ya katikati ya mji yenye vituo karibukaribu na taa nyingi, nishati ya breki inayookolewa ni kubwa. Katika barabara ya kutoka mji mmoja hadi mwingine, ambako basi huenda kwa kasi moja kwa muda mrefu, breki hutumika mara chache. Huko betri na mota hugeuka kuwa mzigo tu.

Hali ya hewa nayo ni muhimu. Hong Kong ilianza kujaribu mabasi machache ya mseto ya ghorofa ya Enviro500 mwaka 2014. Akiba ya mafuta haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa. Jiji hilo lina joto na unyevu, na mabasi yake hutumia viyoyozi vyenye nguvu muda mrefu wa mwaka. Nishati inayotumiwa na kiyoyozi hairudishwi na breki. Somo hilo lina maana kwa miji ya pwani yenye joto, kwa kuwa asilimia iliyopimwa London haiwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi mji wenye hali tofauti.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Historia ya mabasi haya inagusa Nairobi. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilinunuliwa na Stagecoach mwaka 1991. Katikati ya miaka ya 1990 Stagecoach ilileta Nairobi mabasi makubwa ya ghorofa ya Dennis Dragon, yenye ekseli tatu, ambayo asili yake yalibuniwa kwa ajili ya Hong Kong. Chasisi za mabasi hayo zilitengenezwa na kiwanda kilekile cha Guildford ambacho baadaye kilitoa chasisi za Enviro400. Stagecoach iliuza hisa zake Kenya mwaka 1998, wakati ushindani wa matatu ulikuwa mkali. Baadhi ya mabasi hayo ya ghorofa yalisafirishwa hadi Manchester, ambako yaliendelea kubeba abiria kwa miaka kadhaa.

Hatua ya umeme nayo imefika Afrika Mashariki bila kupitia mseto. Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilianza kuendesha mabasi ya umeme Nairobi, ikitumia kwanza mabasi madogo ya BYD, kampuni ileile iliyotoa betri na mota za Enviro400EV. Baadaye BasiGo iliingia Rwanda pia. Mabasi hayo hayana ghorofa, lakini swali ambalo wamiliki hukabiliana nalo ni lilelile lililowakabili wenye mabasi wa Uingereza mwaka 2009: nani atalipa tofauti ya bei siku ya kununua, wakati akiba ya mafuta huja kidogokidogo kwa miaka mingi.